Nyota Iliyowahi Dakika Ishirini na Tano

Majina yao wote ninayo kichwani: la Memsab, la mpishi wake, la punda aliyewaletea maji, na la mama yake yule punda. Sitayaandika. Wajukuu wa mpishi tunakutana njiani, na mmoja wao ni mpangaji wangu.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba nilipata kazi ya kutazama. Si kutazama mtoto wala chungu jikoni. Kutazama nyota, moja tu. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vile vya pili, reli ikiwa imekwisha kupitishwa Kibra. Sisi tulikaa Lindi, kitongoji cha hapo hapo Kibra, ambacho wakati huo kilikuwa mihogo, mahindi na nyumba chache za udongo, na pale palipo maghorofa ya Highrise leo ng'ombe wetu walikuwa wakilala mchana kutwa bila kulipa kodi. Memsab alikaa upande wa pili wa barabara ya Ngong, mahali ambapo ukiendelea mbele kidogo unaingia Kawangware.

Memsab alikuwa mjane wa Kizungu. Mume wake alikuwa mpima ardhi wa serikali, na alipostaafu, akawa hana tena ardhi ya kupima, akahamia juu. Kwa miaka ishirini hivi aliandika habari za nyota ile moja, madaftari yakajaa kabati ambalo watu wengine wangeweka vyombo. Alipokufa, mkewe akaendelea. Kisha macho ya mkewe yakaingia mtoto wa jicho, yote mawili, akawa anaona taa lakini hana hakika ni ngapi.

Alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake, aliyefanya kazi katika ofisi ya bima mjini. Mpwa alitaka kumrudisha Ulaya, akakae katika nyumba ya wazee pamoja na wazee wengine wasiomjua. Memsab hakutaka. Wakaafikiana, na habari za maafikiano nilizipata kwa mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni na chai ikipoa. Kama kazi ya marehemu Bwana itaendelea msimu ule, na wale wakubwa wa mambo ya nyota huko London wakaipokea, Memsab atabaki nyumbani kwake. Kama kazi imekufa, atapanda meli kabla ya mvua za masika.

Mpishi ndiye aliyenitafuta. Nilikuwa nikimletea maziwa ya nyumbani kwetu, na alijua kwamba nakumbuka majina ya ng'ombe wote wa Kibra hadi bibi zao.

"Sasa wewe Mnubi," akaniambia, "macho yako yakisinzia, Memsab hana nyumba na mimi sina jiko."

"Na mimi je?"

"Wewe utarudi kwa ng'ombe. Wewe huna hasara."

Yeye alikuwa mtu wa Kawangware, na shamba lake lilikuwa hapo hapo karibu. Aliniita Mnubi, kwa kabila langu, kana kwamba ni jina nililopewa na mama yangu. Mimi nilimwita Mzee, ingawa hakuwa mzee sana, kwa sababu yeye ndiye aliyekata mkate.

Siku ya kwanza Memsab alifunga mapazia mchana, akaweka taa ya mafuta mezani, akamwambia mpishi achukue sinia azunguke meza.

"Wewe angalia taa," akaniambia. "Mpishi hapana angalia."

Kila sinia lilipopita kati yangu na taa, chumba kikafifia. Lilipokwisha kupita, kikarudi kama kawaida. Mpishi alizunguka mara sita au saba na uso wa mtu anayebeba jeneza.

"Nyota yetu iko mbili," akasema Memsab. "Moja mwanga mingi, moja mwanga kidogo. Nazunguka, nazunguka. Hii ya mwanga kidogo nakuja mbele, wewe naona nyota nakuwa dhaifu. Nakwenda, nyota narudi mzuri. Kila siku tatu, toa saa tatu na kidogo. Kila mara. Haina Jumapili."

Kisha akamwambia mpishi asogee karibu kabisa na taa, azunguke tena. Sasa mzunguko ukawa mfupi, akamaliza upesi, na kiwiko kikaungua kidogo. Hilo ndilo Bwana alilokuwa akilivizia miaka yote. Zile nyota mbili zikisogeleana, zitamaliza mzunguko mapema, na kule kufifia kutawahi. Zikiachana, kutachelewa. Kuziona zenyewe zikisogea huwezi, ziko mbali mno, kwa jicho ni nyota moja. Unachoweza ni kushika saa na kungoja. Ikiwahi au ikichelewa dakika tatu au nne tu katika miaka mingi, watu wa London wanakaa kikao.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Karibu na nyota yetu kuna nyota nyingine, ya kawaida, isiyobadilika. Tuliiita Jirani. Nyota yetu ikiwa nzima inamshinda Jirani kwa mbali. Ikianza kufifia inashuka, inashuka, mpaka inalingana na Jirani: hapo nitazame saa. Inazidi kushuka, inakuwa duni kuliko Jirani, kisha inaanza kupanda, na ikilingana naye tena nitazame saa. Katikati ya saa hizo mbili ndiyo saa ya giza lenyewe. Mara moja katika kila siku ishirini hivi giza hilo linaangukia jioni, saa ambazo binti wa watu bado anaweza kukaa uani.

Kuandika hakukuwa na haja. Chuoni nilifundishwa herufi za Kurani, na zile za Kizungu nilizijua kwa sura, kama unavyomjua mtu wa kupita. Nilizibeba saa kichwani, asubuhi nikazimwaga kwa Memsab, naye akaandika kwa maandishi makubwa kama ya kwenye gunia.

Lakini baba alikataa nisikae kwa mzungu jioni. "Magharibi haimkuti binti yangu barabarani," alisema. Memsab hakubishana, kwa sababu mikaratusi ya kwake ilikuwa imekua ikaziba kaskazini yote, kule nyota ilikokaa. Kwetu kaskazini ilikuwa wazi hadi Kawangware. Ikaamuliwa nitazamie nyumbani.

"Baba yako iko na saa?" Memsab akauliza.

Alikuwa nayo. Saa ya mfukoni, aliyopewa alipomaliza jeshi. Aliitunza kuliko alivyotutunza sisi, na kila siku aliisahihisha. Alifanya kama babu alivyofanya, na kama wazee wote wa kwetu waliokuwa na saa. Alikaa kwenye kigoda nje, saa kiganjani, akatazama jua likizama upande wa Ngong. Adhana ya magharibi ikianza, alivuta kile kipini cha pembeni, akasogeza mishale mpaka saa kumi na mbili kamili, akaingia kuswali. Kila siku saa ile ilikutwa na kosa dogo, na kila siku baba aliisamehe.

Nikampelekea Memsab aione. Akaiweka sikioni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mpishi akamsomea mishale, wakalinganisha na saa kubwa ya ukutani. Zilipishana dakika tatu. Memsab akaandika tatu.

"Nani nasahihisha hii?"

"Baba."

"Kila mwezi?"

"Kila siku, Memsab."

Uso wake ukang'aa. Marehemu mumewe mwenyewe, akasema, alisahihisha yake kila Jumatatu, na alikuwa mtu wa kujivunia.

Giza la kwanza lilikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilitandika mkeka uani, nikalala chali na saa ya baba kifuani. Majirani wakapita. "Huyu anatafuta mume juu," mmoja akasema, "chini wamemchosha?" Mama akajibu toka jikoni kwamba wa chini wote amewatazama na hakuna aliyefifia vizuri. Saa mbili kasoro dakika tano nyota ikalingana na Jirani ikishuka. Saa tano na dakika tano ikalingana naye ikipanda. Katikati ni saa tatu na nusu. Asubuhi Memsab akachukua dakika zake tatu, akapiga hesabu za mumewe, na ikawa nyota imefika wakati ule ule ilipotakiwa kufika. Nikapewa biskuti.

Giza la pili niliona nyota imewahi dakika nne. Memsab akauliza kama nilisinzia. Nikasema sikusinzia. Akauliza kama mama alinituma mahali. Nikasema mama hutuma mtu mchana.

La tatu, mwishoni mwa mwaka, imewahi dakika kumi na tatu. Memsab akamwita mpishi amletee daftari za zamani, halafu akakumbuka hawezi kuzisoma, akazishika tu. La nne, dakika ishirini na moja. Hapo hakuuliza kama nilisinzia. Alitembea kutoka dirisha hadi dirisha akigusa viti. La tano likaja mwezi wa pili: dakika ishirini na tano.

"Nakuja karibu," akasema. "Ile mbili. Nakuja karibu sana. Bwana nangoja miaka ishirini, hapana ona."

Akaanza barua ya London. Iliandikwa siku nne kwa maandishi yale makubwa, ikawa nene kama mkate. Mpwa alikuwa aje Jumapili kuisoma, na Jumatatu mpishi aipeleke posta. Mpishi akaanza kupanda kabichi bustanini, kitu ambacho hakukifanya alipodhani wanahama.

Sasa, treni. Treni ya jioni ya kwenda Kisumu ilipita upande wa juu wa nyumba yetu kila siku, na baba na mwenzake, askari mstaafu kama yeye, walikaa nje kuipima. Hawakuwa na safari. Waliipima tu, kwa sababu serikali iliwahi kuwapima wao. Mwezi wa kumi na moja ilipita saa moja na dakika ishirini kwa saa ya baba. Alhamisi ile kabla ya Jumapili ya mpwa, nilikuwa nachambua mchicha karibu nao treni ikapita.

"Saa moja kasoro dakika tano," baba akasema.

"Hawa wa reli wamepata adabu," akasema mwenzake. "Zamani walikuwa wanajikokota."

"Wamewahi dakika ishirini na tano. Mzungu mpya lazima."

Niliendelea kuchambua mchicha. Nikajiuliza treni na nyota zimejuana wapi.

Kesho yake jioni nilisimama nyuma ya baba wakati wa magharibi. Jua likazama, adhana ikaanza, akavuta kipini, akasogeza mshale kidogo, akasukuma kipini. Nilikuwa nimeona jambo hilo kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kuliona.

"Baba, jua linazama saa kumi na mbili kila siku?"

"Likazame saa ngapi?"

Nikakumbuka kwamba saa ya ukutani ya Memsab haikujali jua. Jua lingezama mapema au lichelewe, yenyewe ilipiga. Basi kama jua kwetu lilikuwa limechelewa kidogo kidogo tangu mwezi wa kumi na moja, baba alikuwa akirudisha saa nyuma kidogo kidogo pamoja nalo, na kila kitu ambacho hakikurudi nyuma na jua kilionekana kimewahi. Treni. Nyota. Kama Memsab angeilinganisha saa ya baba na ile ya ukutani mara ya pili, angejua zamani.

Jumamosi nikamwambia mpishi. Akaweka kisu chini.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Nyamaza. Nyota haitakuja hapa kujitetea."

"Wa London si watatazama na wao?"

"Wao kule ni mawingu mwaka mzima, nimeambiwa. We nyamaza. Mpwa akisoma barua hii anarudi mjini, kwisha. Akisikia hii habari yako, Memsab yuko melini mwezi ujao na mimi nakula kabichi zangu peke yangu."

Nikarudi nyumbani. Nilitaka Memsab abaki. Nilikuwa nimemzoea, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza nimeona nini kisha akaandika. Lakini nilimfikiria yule marehemu na miaka yake ishirini ya dakika mbili tatu, halafu anakuja baba yangu na adhana anamwekea ishirini na tano. Tena mimi ndiye ningeulizwa msimu ujao, na ujao, na jua lingeanza kuwahi, na nyota ingeanza kuchelewa, na Memsab angewaandikia kwamba sasa zinaachana. Uongo wa namna hiyo unataka kulishwa kila mwaka kama ng'ombe.

Nikamwambia baba, kwa kuwa saa ni yake. Lilikuwa kosa langu kubwa la msimu ule.

"Nani amesema saa yangu ina makosa?"

"Hakuna, Baba. Saa ni nzima. Ni vile inawekwa."

"Anayeiweka ni nani?"

"Wewe, Baba."

Akaingia ndani. Jumapili asubuhi akatoka na koti la jeshi, vifungo vyote, akanitangulia kwenda kwa Memsab kutoa ushahidi.

Tuliwakuta barazani, Memsab na mpwa, barua juu ya meza. Mpwa alikuwa kijana mwekundu, mpole, aliyekaa kama mtu anayengoja aitwe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza chai, kwa hiyo mpishi akasimama katikati kutafsiri, na aliponitazama alinitazama vibaya. Baba akapiga saluti.

"Memsab, nimesikia saa yangu imeshtakiwa."

"Nani nashtaki?" Memsab akauliza.

"Nimekuja useme mbele yangu. Saa hii naisahihisha kila siku. Sijaruka hata siku moja, hata nilipoumwa homa."

"Mimi najua. Saa mzuri sana. Wewe nasikiliza king'ora ya reli, nasahihisha?"

"Reli?" Baba akacheka kwa huruma. "Reli hawajui saa, Memsab. Siku hizi wanawahi dakika ishirini na tano nzima."

Mpishi alikuwa ameacha kutafsiri. Mpwa akamwambia aendelee, akaendelea.

"Na kabla ya leo?" Memsab akauliza polepole. "Mwezi ya kumi na mbili, reli nawahi ngapi?"

"Kumi, kumi na tatu."

"Wewe naweka saa namna gani?"

Baba akamweleza. Alieleza vizuri, kwa fahari, na mkono wake ukaonyesha jua, adhana, kipini. Alipomaliza akapiga saluti tena, akaona ameshinda.

Mpwa alipotafsiriwa hadi mwisho akacheka mpaka akashika meza. Akasema jambo. "Bwana mdogo anasema basi hakuna kitu," mpishi akatafsiri. Akasema lingine, la upole zaidi, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa Memsab. Hilo mpishi hakulitafsiri, lakini neno la meli nililijua.

Memsab akautoa mkono wake. Akamwagiza mpishi kitabu cha kalenda, kile chenye saa za jua kuzama kila siku ya mwaka, akampa mpwa. Kisha akanigeukia.

"Sema. Moja mpaka tano. Tarehe, na saa ya baba yako."

Nikasema zote kumi, za kushuka na za kupanda. Mpwa akasoma jua la kila tarehe, akapiga hesabu kwa penseli. Memsab alipiga zake hewani, midomo ikicheza. Kwa giza la tatu mpwa akataja jibu lake, Memsab akasema hapana. Akarudia, akaona amekosea kutoa. La nne akataja, Memsab akasema hapana tena. Akaitazama karatasi muda mrefu, akafuta. Kufikia la tano alikuwa hacheki, na alikuwa amevua koti.

Mara zote tano, nyota ilikuwa imefika wakati wake. Moja ilikosea dakika nne, mbili zikakosea dakika mbili au tatu, ya kwanza na ya mwisho hazikukosea kitu.

Mpwa akauliza. "Anauliza, basi nyota imefanya nini?" mpishi akasema.

"Hapana fanya kitu," Memsab akajibu. "Ile mbili iko pale pale, nazunguka vilevile. Hiyo ndiyo habari. Kaa chini, andika."

Akaichana ile barua nene, kurasa mbili mbili kwa kuwa zote pamoja zilimshinda, akamwandikisha nyingine. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Kwamba msimu ule, kwa giza la mara tano, lililotazamwa kwa macho ya msichana wa Kibra, mzunguko wa nyota ile haukuonekana kubadilika. Kwamba saa ya mtazamaji huwekwa kwa jua kuzama, na hesabu imerekebishwa hivi na hivi. Baba alisimama mpaka mwisho, akidhani ni hukumu yake inaandikwa, na aliposomewa sehemu ya saa akasema ni kweli tupu, hana la kuongeza.

Mpwa aliichukua barua aiposti mwenyewe. Hakutaja meli tena siku ile. Mlangoni alimuuliza Memsab ni ngapi thelathini na tano toa kumi na nane, au kitu kama hicho, na Memsab alimjibu kabla hajamaliza, naye mpwa akaenda zake.

Jibu la London lilifika masika yamekolea. Mistari michache. Wameipokea, wanashukuru, wanaomba na ya msimu ujao, na wameuliza kama mtazamaji hawezi kupatiwa saa iliyo bora zaidi. Memsab akaandikisha jibu kwamba saa aliyo nayo inatosha, na baba hakuambiwa habari hiyo, maana angevaa koti.

Memsab alikaa misimu mitatu zaidi katika nyumba ile. Giza mara kumi na tatu tulilipata, mara mbili mawingu yakalila. Alikufa kitandani mwake mwezi wa sita, wakati ambapo nyota ile haionekani jioni, kwa hiyo hatukupoteza usiku wowote wa kazi.